Mzani wa Mtukufu na Pilau ya Bi Havijawa

Bi Kibibi anasema mzani ulilia. Si kwamba alisikia kwa masikio yake, la, lakini shemeji yake ndiye anayepiga deki Jumba Kuu, na shemeji alikuwa nyuma ya mlango na ndoo yake asubuhi ile Mtukufu alipopanda kupimwa. Mzani ukatoa mlio kama wa paka aliyekaliwa, halafu, anasema Bi Kibibi, ukatamka neno moja la wazi kabisa: "Jamani." Baada ya hapo mshale ukatulia palepale ulipotulia Jumatatu iliyopita, na Jumatatu ya kabla yake, na zile nyingine zote tangu mvua zilipokatika.

Bi Havijawa hakuacha kuchagua mchele wake.

"Mzani hausemi, Kibibi."

"Huu wa serikali."

"Wa serikali ndio kabisa. Ungesema neno moja, kesho yake ungehamishiwa mikoani."

"Basi ndiyo umehamishwa! Shemeji anasema leo amekuta alama za miguu yake tu sakafuni."

Wakacheka, wakapigana viganja. Kisha kila mmoja akatazama upande wake, kwa sababu mshale ule usiposhuka, mtoto wa Bi Kibibi na mtoto wa Bi Havijawa, kila mmoja kwenye ndoa yake, wangeendelea kuwa watu waliooa na kuolewa nusu.

*

Kwa msomaji ambaye hajafika nchi hiyo, na ni heri yake, ielezwe kwamba ni nchi kama nchi nyingine: ina bendera, ina wimbo, ina foleni. Mtukufu wake alikuwa mnene wa kawaida tu, unene wa cheo, ambao hakuna aliyethubutu kuuona kuwa ni unene. Tatizo lilianzia ugenini, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi, alipoitwa mbele kupokea shada la maua, akainuka na kiti. Kiti kilikuwa kimemkaa barabara. Akaenda nacho, akapokea shada, akapunga mkono, akarudi nacho, akakaa. Magazeti ya nyumbani yaliandika kwamba mataifa yamemheshimu Mtukufu kwa kumruhusu kutembea na kiti chake. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameziona nyuso za watu.

Aliporudi alitangaza kwamba taifa lina uzito kupita kiasi.

Ikaundwa Wizara ya Wepesi, akakabidhiwa Profesa Ngwilizi, bwana ambaye mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu ya nyongeza kwa msumari. Mzani mkubwa ukanunuliwa, ukawekwa ukumbini, na kwenye uso wake Mtukufu akachora mstari mwekundu kwa mkono wake mwenyewe. "Mshale ukifika hapa," akasema, "nchi imefika." Kila Jumatatu asubuhi televisheni ya taifa ilionyesha miguu ya Mtukufu ikipanda na mshale ukitetemeka. Wananchi walipewa ruhusa ya kuacha kazi ili watazame, na wasio na kazi walipewa ruhusa pia.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri mno. Mtukufu aliacha soda, akaacha vitumbua vya alfajiri, akala kabichi ya kuchemsha, na mshale ukawa unateremka kila wiki kama mtu anayeshuka ngazi. Akabadilishwa jina akawa Mtukufu Mwepesi. Stempu mpya zikachapwa zenye uso mwembamba, na barua zilizobandikwa uso wa zamani zikarudishwa kwa wenyewe kwa kosa la kumnenepesha kiongozi.

Halafu, upana wa kidole kimoja tu juu ya mstari mwekundu, mshale ukagoma.

*

Wiki ya kwanza Profesa Ngwilizi alisema mshale haujakwama, umekaa kupumzika. Iliyofuata akasema umetulia kutokana na amani na utulivu uliopo nchini. Kisha akaunda Tume.

Tume ilianza na mzani wenyewe, ambao ulichukuliwa chini ya ulinzi ukahojiwa kwa kupandwa na watu wa vyeo mbalimbali. Kwa makarani ulisema kweli. Kwa wakurugenzi ulisema kweli. Alipopanda Profesa mwenyewe ulisema kweli kupita kiasi, na kikao kikaahirishwa.

Ndipo ulipohamishiwa mlimani, maana mjumbe mmoja alikuwa amesoma mahali kwamba kitu kikipanda juu sana hupungua uzito. Mtukufu naye akapandishwa mlimani, juu ya machela, akibebwa na askari. Matokeo yalikuwa mazuri kwa askari.

Ikafuata Kilo ya Taifa. Sheria ilipitishwa asubuhi ikisema kwamba kilo ya nchi hiyo, kwa sababu ya historia yake, itakuwa nzito kuliko kilo za watu wengine. Jioni mzani ukachorwa namba upya, na mshale ukaonekana chini kabisa ya mstari. Watu walipiga vigelegele mpaka dukani. Huko dukani wakagundua kwamba kilo ya sukari nayo imekuwa kubwa, kwa bei ileile, wakaanza kununua kwa mikokoteni. Wenye maduka wakalia kilio kilichofika Jumba Kuu kabla ya vigelegele, kwa kuwa wenye maduka ndio waliokuwa mawaziri. Sheria ikafutwa magazeti yaliyoitangaza yangali mabichi.

Ikaja Kukimbia kwa Niaba. Kila mtumishi wa umma, na kila mwananchi mwenye miguu, alitakiwa kukimbia asubuhi akiwa na picha ya Mtukufu kifuani ili jasho lihesabiwe kwake. Walimu walikimbia, wauguzi walikimbia, wagonjwa wenye nafuu walikimbia mbele ya wauguzi. Uzito wa taifa ulishuka ajabu, isipokuwa mahali pamoja.

Hapo ndipo Profesa alipogundua harufu.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, kwa ile sauti ya mtu anayejisikiliza, "sayansi imethibitisha kwamba chakula humwingia mwanadamu kwa milango mingi. Pua ni mlango. Pilau mnazopika kwenye harusi zenu hupanda juu, zikakutana na upepo, zikaelekea Jumba Kuu, ambako Mtukufu Mwepesi, akiwa amelala bila kosa lolote, huzivuta. Ninyi, ndugu zangu, mnakula sahani moja moja. Yeye anakula harusi zote!"

Ikatoka Amri ya Vifuniko. Hakuna chungu cha karamu kitakachofunuliwa popote nchini mpaka mshale ufike mstarini. Si pilau, si biriani, si supu ya mifupa yenye watu zaidi ya familia. Isipokuwa, na hapa watu wa itifaki walisimama kidete, pale ambapo Mtukufu mwenyewe ni mgeni rasmi, kwa sababu mkuu wa nchi hapokewi kwa uji. Hapo chungu kitakuwa halali mara tu yeye atakapokionja, na akishaonja, wote wale.

Kuhusu kule kuonja, itifaki ilifafanua kwamba hakuhesabiki kuwa kula. Kula ni mezani, kwenye kitambaa, ukiwa umekaa. Kuonja ni wima, kwa mkono, kwa manufaa ya wananchi. Kabichi ya Mtukufu ilipimwa kila jani. Matonge hayakupimwa na mtu.

*

Sasa, upande wa kina Bi Havijawa kuna kitu kinaitwa chungu cha mlango. Ndoa inaweza kufungwa na shehe, ikashuhudiwa, watu wakasoma dua, lakini biarusi havuki mlango wa mumewe mpaka watu wa mume wale wali wa nyama kutoka chungu cha mama yake. Wakishakula, mkubwa wao hunawa mikono na kusema, "Tumeshiba, aje." Neno hilo lisiposemwa, hajaja.

Mwasiti, binti pekee wa Bi Havijawa, aliolewa na Shamte fundi baiskeli siku ileile ya Amri. Nyama ilikuwa tayari imeiva, masufuria yamekaa kwenye mafiga, mara ikasikika sauti ukumbini:

"Hodi! Serikali inanusa!"

Alikuwa Bwana Lukindo, Afisa Wepesi wa mtaa, mtu wa mifupa mitupu ambaye zamani alikuwa bwana mifugo na alichaguliwa kwa sababu ya pua. Aliimwaga pilau yote mtaroni kwa mikono yake mwenyewe. Waliokuwepo wanasema alikuwa akilia, na kwamba sufuria la mwisho alilimwaga polepole sana, huku akilisogelea.

Tangu hapo Mwasiti alibaki kwa mama yake, mke wa mtu, na Shamte akawa anakuja kila jioni na kigoda chake, anakaa chini ya dirisha.

"Umekula nini leo, mke wangu?"

"Uji."

"Wa nini?"

"Wa uji tu. Na wewe?"

"Mimi leo nimekimbia kwa niaba."

"Ukafika?"

"Mimi nilifika. Mtukufu ndiye hajafika."

Hawakuwa peke yao. Mtaa mzima jioni ulijaa waume juu ya vigoda, kila mmoja anaongea na dirisha lake, mpaka polisi wakaona ni mkusanyiko usio na kibali wakaamuru waachiane nafasi. Bi Havijawa alikuwa akiwasikiliza wanawe wale wawili huku amejifanya anashona. Mwasiti alikuwa amepakwa hina tena na tena, kila ikififia inapakwa nyingine, kwa matumaini ya Jumatatu. Siku hizi alikuwa anakataa kupakwa.

"Mama, hina ya nini? Ya dirisha?"

Ndipo akaja Bi Msimu, nyanya yake Shamte, mkubwa wa ukoo ule. Alikataa kiti, akakataa maji, akasimama kwa fimbo yake katikati ya ua.

"Havijawa, mimi niko njiani kwenda zangu. Sitaki kuondoka mjukuu wangu anaongea na mbao."

"Bibi, si mimi. Ni Amri."

"Amri naijua, mwanangu, hata mimi nimekimbizwa kwa niaba na fimbo hii hii. Lakini wapo wanaopika. Kwa kina Mbaruku wamepika. Kwa mwenye mashine ya kusaga wamepika, tumekula. Basi kumbe inawezekana. Nakupa mpaka mwezi uandame. Usipopika, namtafutia Shamte nyumba yenye mama anayejua kupita."

"Bibi!"

"Mimi sina ubaya na Mwasiti. Nina ubaya na dirisha."

Akaondoka. Kwenye chumba cha uani Mwasiti hakulia. Alikuwa amesikia kila neno, akatoka, akachukua ungo wa mchele kutoka kwa mama yake, akaanza kuuchagua yeye, chembe moja moja. Bi Havijawa akatazama mikono ya mwanawe isiyo na hina, akajua kwamba atapika.

*

Ni kweli wengine walikuwa wanapika. Tangu Amri itoke, haijapata kutokea Mtukufu kuwa karibu na wananchi namna ile. Kila mwenye mtoto wa kuoza alimwalika, na yeye, kutoka kwenye kabichi yake, alikubali yote. Siku moja aliweza kuzindua bomba, daraja la waenda kwa miguu, kaburi lililokarabatiwa na harusi nne katikati. Televisheni ilionyesha kila uzinduzi. Bi Havijawa, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi lakini macho alikuwa nayo, aliona yale matonge. Yalikuwa ya ukubwa wa ngumi, yenye nyama mbele na nyama nyuma, na kila chungu kilionjwa peke yake ili kisionewe.

Aliona, na nchi nzima iliona. Mtukufu angejizuia wiki chache tu mshale ungefika, na vyungu vyote vingefunuliwa. Lakini ili ajizuie ilibidi watu waache kumwalika, na nani aanze?

"Anza wewe, Havijawa," alisema Bi Kibibi.

"Anza wewe."

"Mimi nina Hamadi! Mke wake kule kwao amekonda mpaka pete inamvuka."

"Na mimi nina Mwasiti."

Wakaachia hapo. Bi Havijawa akajitanda kanga yake akaenda ofisini kwa Bwana Lukindo.

"Bi mkubwa," akasema Bwana Lukindo, akinusa hewa kwa mazoea, "harusi peke yake haitoshi. Mtukufu haji kwenye harusi. Mtukufu anakuja kwenye mradi, na harusi inakuwa hapo kwa bahati. Una mradi gani?"

"Nina choo kipya."

"Vyoo vimejaa mpaka mwisho wa mwaka. Kingine?"

"Nina banda la kuku."

"Lina kuku?"

"Walikimbia."

"Kwa niaba?"

"Sijui, baba. Walikimbia tu."

Bwana Lukindo akafikiri. Tumbo lake likanguruma, na wote wawili wakajifanya ni pikipiki inayopita. "Uzinduzi wa Banda la Kuku, Awamu ya Pili," akasema mwishowe. "Na mimi, bi mkubwa, siku hiyo nitakuwa mlinzi wa vifuniko. Kisheria mlinzi hukaa karibu sana na chungu."

Jibu likarudi: Mtukufu atakuja Jumapili ya mwisho kabla ya mwezi kuandama. Bi Havijawa akamchinja beberu wake aliyebaki, akatoa mchele wote uliokuwa ndani. Hakukuwa na beberu mwingine wala mchele mwingine.

*

Wakati huohuo, Jumba Kuu lilikuwa limepata daktari mpya. Wale wa zamani, kila aliyesema jambo la maana, aliteuliwa kuwa balozi nchi za baridi. Huyu aliitwa Daktari Rehani, msichana mwenye sauti ndogo, na hakuna aliyekuwa amemweleza taratibu. Akaomba kufuatana na msafara siku nzima. Jioni akakaa mbele ya Mtukufu, Profesa Ngwilizi akiwa amesimama pembeni.

"Mtukufu, tatizo ni kwamba unakula."

"Naonja," akasema Mtukufu.

"Leo umeonja kuliko nilivyokula mimi tangu Idi."

Profesa akaanza kutafuta kwenye ramani nchi yenye barafu. Lakini Mtukufu akainua mkono. Alikuwa amechoka. Alichoka kabichi, alichoka kuona miguu yake kwenye televisheni, na kwa muda mrefu hakuna mtu aliyemwambia kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijua.

"Nikiacha kuonja, mshale utashuka?"

"Utashuka."

Akajaribu. Akaahirisha ziara zake kwa kisingizio cha mafua, na Jumatatu iliyofuata mshale ukasogea. Ulisogea kiasi cha unywele, lakini televisheni ilirudia kuuonyesha kutwa nzima, polepole, kwa ngoma. Profesa akapongezwa kwa kupambana na harufu. Sasa, akasema Daktari Rehani faraghani, ni kujizuia wiki hii moja tu. Jumatatu ijayo mshale utafika mstarini. Pengine.

Mialiko yote ikafutwa. Mmoja tu ulishindikana, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kutangazwa na bendera zimekwisha kufungwa: Banda la Kuku, Awamu ya Pili.

*

Jumapili hiyo watu walikuwa wamejaa ua wa Bi Havijawa mpaka juu ya kuta. Watu wa Shamte walikaa mikekani, Bi Msimu mbele na fimbo yake magotini. Nyuma ya uzio walisimama kina mama wa harusi nyingine, Bi Kibibi miongoni mwao, wamekuja kuangalia inavyofanyika. Masufuria yalikuwa yamefunikwa na kutiwa muhuri wa lakiri, na Bwana Lukindo alikaa juu ya moja, kisheria. Mwasiti alikuwa mlangoni, amepakwa hina mbichi. Alikuwa amekubali, mara hii ya mwisho.

Ving'ora vikaja, magari yakaja, na gari la mzani likaja likiwa na mwavuli wake. Mtukufu Mwepesi akakata utepe wa banda tupu. Profesa Ngwilizi akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Leo mnashuhudia historia. Katika kutekeleza sera ya wepesi, mgeni rasmi leo hataonja kwa mkono. Kuonja kwa mkono ni mambo ya zamani. Leo Mtukufu ataonja kwa macho!"

Watu wakapiga makofi, kwa sababu ndiyo ilikuwa sehemu ya makofi. Bwana Lukindo akainuka, akavunja lakiri, akafunua. Mvuke ukatoka. Mtukufu akainama, akatazama sufuria la kwanza, akatazama la pili. Kwenye la tatu alitazama kwa muda mrefu mpaka Daktari Rehani akakohoa.

"Ameonja!" akatangaza Profesa.

Makofi. Watu wa Shamte walikuwa wameinua mikono ya kunawa, ikabaki hewani.

"Mheshimiwa Waziri," akasema Bwana Lukindo, akimeza mate, "niulize tu kwa ajili ya utekelezaji. Chungu kimekuwa halali?"

Profesa akanong'onezana na mtu wa itifaki. "Kimekuwa halali kwa kiwango kilichoonjwa," akasema. "Kimeonjwa kwa macho. Wananchi nao wale kwa macho."

"Nani ale kwa macho?" Ilikuwa sauti ya Bi Msimu. "Mimi macho yenyewe yana mtoto wa jicho! Sijala. Andikeni kwenye redio zenu, sijala. Na nisipokula sisemi aje." Akaitegemea fimbo, akaanza kuinuka. "Shamte! Chukua kigoda chako twende zetu."

Shamte hakuchukua kigoda. Hakukaa wala hakuondoka, alisimama tu anamtazama Mwasiti, na Mwasiti akamtazama mama yake.

Bi Havijawa akasogea sufuriani. Kabla hajafika akahisi kanga yake inavutwa kwa nyuma, kupitia kwenye uzio.

"Havijawa, usifanye," akanong'ona Bi Kibibi. "Kesho ni Jumatatu. Kesho, mwenzangu! Akijizuia leo tu, mshale unafika, Amri inakwisha. Hamadi wangu, na wa huyu, na wa yule, wote wanakula. Mwache."

"Na usipofika?"

"Utafika. Shemeji kamsikia daktari akisema."

"Na wewe ulisema mzani umelia."

"Havijawa, nakuomba."

"Pilau hii hailali mpaka Jumatatu, Kibibi. Lukindo ataimwaga jua halijazama, na bibi yule ataondoka na mkwe wangu." Akaivuta kanga yake, taratibu, ikatoka mikononi mwa jirani yake.

Akatia mkono kwenye sufuria la tatu. Akafinyanga tonge, akaweka nyama mbele, akafikiri, akaweka nyama na nyuma. Askari wakasogea, kisha wakasita, maana hakuna maagizo yoyote waliyopewa juu ya mwanamke mwenye tonge. Akaenda mpaka mbele ya Mtukufu Mwepesi akapiga goti.

"Mama, tafadhali," akasema Daktari Rehani kwa sauti yake ndogo. "Tumebakisha kidogo sana."

Mtukufu hakumtazama daktari. Pua yake ilikuwa inafanya kazi.

"Umetia mdalasini?" akauliza.

"Nimetia, baba."

"Na hiliki?"

"Nimeitwanga mwenyewe, asubuhi hii."

Tumbo la mkuu wa nchi likatoa sauti, na kipaza sauti, ambacho Profesa alikuwa bado amekishika, kikaipeleka mpaka barabarani.

"Baba," akasema Bi Havijawa, "mimi sijui mambo ya mizani. Mwanangu yule pale mlangoni. Onja. Tonge hili moja tu, kisha kesho ujizuie unavyotaka."

Mtukufu Mwepesi akalitazama tonge. Akamtazama Mwasiti na hina yake. Kisha akainua macho juu ya uzio, kwa wale kina mama waliosimama wameziba midomo kwa kanga zao, hakuna hata mmoja aliyepepesa jicho. Mkono wake wa kuonjea ukatoka mfukoni, ukarudi, ukatoka tena.

Mafuta ya tonge yakatiririka kwenye mkono wa Bi Havijawa mpaka kiwikoni. Hakuushusha.